Talaka ya Mchana Mmoja

Wanaume wengine huvunja ndoa zao kwa uchoyo, wengine kwa macho ya nje. Sabbah wa kijiji cha Umm Talh alikuwa akiivunja ya kwake kwa ukarimu, na cha kuchekesha ni kwamba huo ukarimu wenyewe hajawahi kupewa nafasi ya kuufanya. Mkewe, Wadha, alikwisha kutalikiwa mara mbili kwa namna hiyo. Mara ya kwanza Sabbah aliapa kwa talaka kwamba dereva fulani hataondoka bila kunywa chai yake; akiondoka, mke ameachika. Dereva akacheka, akatia gia, akaenda zake. Mara ya pili aliapa kwamba kaka yake, Jaddua, atalipokea paja la mbuzi alilompelekea siku ya Idi. Jaddua alilirudisha lile paja, na juu yake akaongeza jingine la kwake.

Mufti wa mjini alisema maneno kama hayo ni kiapo tu, mtu alishe maskini kumi, aombe msamaha kwa Mola wake, yaishe. Lakini baba yake Wadha, Mzee Musallam, alikuwa mtu wa zamani. "Mufti ana binti zake, na mimi nina wangu," alisema. Mara zote mbili alikuja na pikapu yake akamchukua bintiye, na Sabbah akalazimika kwenda kumrejea mkewe kwa adabu zote. Ile safari ya pili mzee alimwambia mbele ya watu: "Imebaki moja, kijana. Ukiimaliza hiyo usije kwangu, maana hata mimi sitakuwa na la kukupa." Wadha alisikia. Alimpenda mumewe, tena sana, na tangu siku hiyo kila Sabbah alipofungua mdomo mbele ya mgeni, Wadha aliacha kazi iliyo mkononi akatega sikio.

Chanzo cha yote kilikuwa hema la Jaddua. Umm Talh ni nyumba chache za matofali chini ya migunga, na mbele ya kila nyumba limesimama hema la manyoya ya mbuzi, maana nani atampokea mgeni ndani ya matofali? Hema la Jaddua ndilo la kwanza kutoka barabarani. Gari likikata kona tu, Jaddua yuko nje, joho begani: "Karibuni, karibuni, shukeni!" Mgeni hafiki kwa Sabbah ng'o. Awe askari, awe mnunuzi wa mbuzi, awe mtu aliyepotea njia anayeulizia maji ya gari, wote walikula kwa Jaddua, na Sabbah alikula nao kama mtoto wa nyumba, nyama aliyomegewa na kaka yake. Miaka yote ya ndoa yao Wadha hakuwahi kuinjika sufuria la mgeni hata mara moja.

Basi Sabbah akakonda. Alikuwa na kiungulia kisichosikia dawa, usingizi ulimpaa, na nywele za utosini zilianza kumtoka angali kijana. Ukimwuliza una nini, anasema hana kitu.

Msimu ule alikuja mwanamke mmoja, Daktari Lamis, kutoka Amman. Hakuwa daktari wa watu, alikuwa wa ndege. Alipiga kambi karibu na bonde kavu awachunguze zogoyogo, wale ndege wa rangi ya vumbi wanaotembea kundi zima chini ya migunga wakipiga kelele kama watu wa harusi. Alimchukua Wadha awe msaidizi wake, na kazi yenyewe ilikuwa kuwafuata ndege kwa miguu na kuokota kinyesi chao kibichi kukitia kwenye vichupa. Wanawake wa Umm Talh walicheka mpaka wakachoka. "Wadha amepata kazi ya serikali," walisema, "waziri wa mavi ya ndege!"

Wadha hakujali. Aliipenda kazi ile. Kila ndege alikuwa amevishwa pete ya rangi mguuni, na mkubwa wao alikuwa na pete nyekundu, wakamwita Mwekundu. Aliyemfuatia kwa cheo walimwita Njano.

"Mtazame vizuri Mwekundu," Daktari alimwambia asubuhi moja. Mwekundu alitua na funza mdomoni, akapiga mluzi ili kundi zima limsikie, kisha akamtia Njano funza yule kinywani. Njano alichuchumaa na kupapatisha mabawa kama kinda. "Unaona? Kwa hawa, mkubwa si anayekula kwanza. Mkubwa ni anayelisha."

"Na mdogo akitaka kumlisha mkubwa?"

"Subiri."

Hawakusubiri sana. Njano alifukua funza wake mwenyewe, mnono, akampelekea Mwekundu kwa heshima zote. Lo! Mwekundu alimrukia, akampiga mabawa, akamdonoa kichwani, akampokonya yule funza, kisha akamtia Njano kinywani kwa nguvu. Wadha alikaa chini akicheka hadi machozi. "Wallahi huyu Njano ni Sabbah! Hilo ni lile paja la Idi!" Kisha kicheko kikakatika chenyewe, akajifuta macho, akaona si jambo la kuchekesha kihivyo.

Wakiwa kivulini wanafunga vichupa, alimwuliza Daktari kinyesi kinasema nini.

"Kinasema hofu," Lamis alijibu. "Mwewe akitokea, mwili wa ndege hukusanya nguvu zote kwa mpigo. Moyo mbio, damu mbio, tumbo linaacha kusaga chakula. Mwewe akipita, mwili unatulia. Hiyo ni rehema. Taabu ni pale mwewe anapokuwa haendi zake. Anayeishi na mwenziwe wa kumwonea kila siku, mwili wake hauzimi. Unaanza kujila. Na sisi watu ndivyo hivyo hivyo, Wadha. Mwili haujui tofauti ya mwewe na shemeji."

"Kwa hiyo Njano ndiye mgonjwa."

"Hata mimi nilidhani hivyo." Daktari alikuna kichwa. "Lakini katika kundi hili vipimo vya hofu vya Mwekundu vimepita vya Njano. Mtazame. Tangu alfajiri yuko juu ya mti akilinda, Njano akipanda ampokee zamu anamsukuma chini. Hali, hapumziki. Ana cheo, naam, lakini cheo hicho anakilinda kwa roho yake."

Wadha alimtazama Mwekundu pale kileleni, shingo imenyooka, kifua kinakwenda juu chini. Akamkumbuka Jaddua, jinsi kikombe cha kahawa kilivyokuwa kikitetemeka mkononi mwake siku hizi.

Msimu ukaisha. Jioni ya mwisho kabla ya siku ya kuagana, Daktari alikaribishwa kahawa kwa Jaddua. Wanaume walikaa duara, Daktari kati yao kwa heshima ya ugeni, Mzee Musallam naye alikuwepo, na wanawake walikuwa upande wao nyuma ya pazia, masikio yote upande wa pili. Jaddua alisema, kama anayesema jua litachomoza, "Kesho mchana tutakuchinjia, Daktari, tukuage."

"Kaka," Sabbah akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Daktari amefanya kazi na mke wangu. Kesho aje kwangu."

Jaddua alicheka kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma mwenzake. "We kaa, mdogo wangu. Usijisumbue. Wewe utakuja kula na sisi."

Nyuma ya pazia Wadha alisema kimoyomoyo, nyamaza, Sabbah, nyamaza baba, nakuomba. Lakini Sabbah alikwisha kusimama. "Talaka inanilazimu!" alipiga ukelele. "Kesho mchana Daktari atakula kwangu, na hatatia tonge la mtu mwingine kinywani!"

Na Jaddua, ambaye mdomo wake ulizoea kujibu kabla kichwa hakijaulizwa, akasema papo hapo: "Na mimi talaka inanilazimu, kesho mchana hali ila kwangu!"

Hata mtwangaji kahawa alisimamisha mchi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa walikuwa wamejikwaa wawili mlango mmoja.

Lamis alikuwa ameiva uso kwa aibu. "Jamani, si nile kote kote? Kidogo huku, kidogo kule?"

"Amesema tonge la mtu mwingine halitaingia," alisema Mzee Musallam.

"Basi niondoke usiku huu huu nisile popote!"

"Ukiondoka, binti yangu, utaacha watalaka wawili badala ya mmoja." Mzee alinyanyuka, akakung'uta joho lake. Hakuwa na furaha, na ilionekana. "Kesho mchana nitakuja na pikapu. Daktari akiwa amekula kwa Jaddua, Wadha anapanda. Na safari hii harudi."

Jaddua aliposikia neno hilo, rangi ilimbadilika. Alikuwa amesahau hesabu ya nduguye. Lakini kiapo kimetoka mbele ya wageni, naye ni mkubwa wa nyumba, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma. Akainama kuyachochea makaa.

Jua lilipozama Wadha alikuwa jikoni kwa Khadra, mke wa Jaddua, wanageuza mikate juu ya bati la moto. Wadha alikuwa analia na haoni aibu ya kulia. Binti zake wawili watalelewa na nani? Na Sabbah, yule mjinga wake, nani atamfunga mdomo?

"Mwambie, Mama Nayef," alisihi. "Mwambie mumeo aache."

"Nimwambie mimi?" Khadra alipiga mkate kofi. "Tangu nimeolewa namwambia pumzika, umewahi kumwona amepumzika? Gari likilia huko barabarani, hata kama ni usiku, yule anaruka kitandani. Naweka mkono kifuani pake, moyo unakwenda kama kinu. Zizi limebaki mbuzi wa kuhesabika, hao wengine wote wamekwisha matumboni mwa watu tusiowajua hata majina. Daktari wa presha kamwambia ajihurumie. Unajua alifanya nini? Alimkaribisha chakula cha mchana."

Wadha alicheka ndani ya kilio.

"Sikiliza," Khadra akaendelea, akashusha sauti. "Mimi talaka zangu zipo zote tatu, sijaguswa hata moja. Zimekaa tu sandukuni kama vyombo vya harusi. Kiapo chake kikivunjika, mimi ninapungukiwa moja, alasiri ananirejea, maisha yanaendelea. Chukua moja yangu, mwanangu, sina pa kuzitumia. Ila kumfanya avunje, hapo ndipo siwezi. Yule huwezi kumpa ushauri, huwezi kumpa maji, huwezi kumpa hata pole."

Huwezi kumpa. Wadha alishika kipande cha mkate mkononi mpaka kikapoa. Alimkumbuka Njano alivyokwenda na funza mdomoni akapigwa. Sabbah naye kila mara alimwendea kaka yake na kitu cha kumpa. Lakini kutoa, je? Ni lini Mwekundu alikataa kutoa?

Alfajiri, watu walipomaliza kusali, Jaddua alikuwa nje ya hema lake amemfunga beberu, kisu mkononi. Wadha alimpita bila salamu, akaingia hemani, upande wa wanaume, akaikumbatia nguzo ya kati kwa mikono miwili.

"Nimeingia kwako, Baba Nayef," alisema kwa sauti. "Nikinge."

Jaddua alisimama mlangoni ametumbua macho. Aliyeshika nguzo ya hema, hata awe amemwua mwanao, unamkinga kwa damu yako. Lakini huyu alikuwa mke wa ndugu yake.

"Wewe ni wa nyumba hii! Toka lini mtu wa nyumbani akashika nguzo?"

"Toka leo."

"Nani anayekufuata?"

"Wewe."

Jaddua alikuja akakaa juu ya zulia, taratibu, kama mtu aliyetoka kubeba gunia. "Sema unachotaka. Ukishika hapo siwezi kukunyima."

"Umewalisha watu wote wa bonde hili," Wadha alisema, na machozi yakaanza kumtoka tena, akayaacha. "Mtu mmoja tu hujamlisha."

"Nani huyo?" Jaddua aliruka, amechomeka. "Mtaje! Nani aliyepita hapa akalala na njaa?"

"Sabbah."

"Sabbah! Amekula mkononi mwangu tangu hana meno!"

"Umempa nyama, shemeji. Hujampa mgeni. Hicho ndicho kinachomtafuna tumbo, hana kiungulia wala nini. Na hakuna mwingine awezaye kumpa, maana wageni wote wa Umm Talh ni wako. Sikuombi ushindwe. Nakuomba utoe. Mpe ndugu yako mgeni mmoja, kwa mkono wako, ili mimi nibaki na mume wangu."

Jaddua alikiweka kisu chini. "Na kiapo changu?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mama Nayef je?"

"Nitaliki, mwanamume!" Khadra alipaza sauti nyuma ya pazia, maana huko ndiko alikokuwa muda wote. "Nitaliki mpaka alasiri, nami nikapumzike mgongo! Na huyo beberu mfungue, ameona kisu mpaka amepoteza hamu ya majani."

Jaddua alitikisa kichwa, akajikuta anacheka, kwanza kidogo, halafu sana, akishika kifua. Alipomaliza kucheka alivuta pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka, na Wadha aliona kwa mara ya kwanza kwamba mabega yale yalikuwa na pa kushukia.

Mchana, pikapu ya Mzee Musallam ilisimama chini ya mgunga, pua imeelekea barabarani. Watu walikusanyika kwa Sabbah, ambaye alikuwa amechinja bila kujua kama anachinja karamu au matanga ya ndoa yake. Kisha wakamwona Jaddua anakuja kwa miguu na Daktari ubavuni. Alisimama mbele ya hema la mdogo wake, akasema wote wasikie: "Sabbah, huyu ni mgeni wako. Nimekupa."

Sabbah akaitikia kwa kichwa, akamshika kaka yake mkono, akasahau kuuachia. Mzee Musallam alikwenda akaigeuza pikapu, akaja kukaa.

Khadra naye alifika, amevaa vizuri, akanyoosha miguu upande wa wanawake. "Nileteeni chai," alisema. "Mimi leo sina mume wala sufuria."

Sinia liliingia, wali mlima mzima, nyama juu, mtindi wa moto ukimiminwa. Mwenyeji hali mpaka wageni washibe, basi Sabbah aliwasimamia, mikono ya kanzu ameikunja. Alimega ulimi wa mbuzi, akauweka mbele ya Daktari. Kisha akamega ini, kipande kizuri, akainama kukiweka mbele ya Jaddua. Katikati ya njia mkono ulisita. Kila mtu pale alilikumbuka lile paja la Idi. Wadha alikuwa ameshika pazia, na mwili wake, ambao haujui tofauti ya mwewe na shemeji, ulikuwa tayari kukimbia.

Ini likatua. Jaddua alilitazama. Akalichukua, akalitia kinywani, akalitafuna bila haraka.

"Limepungua chumvi," alisema.

Watu waliangua kicheko, na Sabbah alicheka kuliko wote, akigeuza uso pembeni ili wasimwone macho. Mgeni njoo mwenyeji apone: Wadha alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote, na leo alimwona mwenyeji akipona mbele ya macho yake.

Baadaye, wakinywa chai, alimwuliza Lamis, "Njano atapanda lini juu ya mti?"

"Mpaka Mwekundu achoke kabisa. Au afe."

"Maskini," alisema Wadha. "Hawana nguzo ya kushika."

Upande wa wanaume Jaddua alikuwa ameegemea tandiko la ngamia, joho limemfunika magoti, anakoroma. Wanaume walitazamana. Mmoja alitaka kumwamsha, maana alasiri ilikuwa inakaribia na mkewe hajarejewa.

"Mwacheni!" Khadra alinong'ona kwa ukali. "Hajalala mchana tangu Nayef azaliwe. Na mimi sijamaliza chai yangu."

Hapo ndipo gari lilipolia barabarani, likakata kona, likaanza kuja likitimua vumbi. Wote walimgeukia Jaddua. Alifungua jicho moja. Mkono wake ulishika joho, kwa mazoea, na Wadha akaona mshipa wa shingo ukianza kumpiga. Kisha jicho likamtafuta Sabbah, likamwona, likafumba tena.

"Wamefika watu," alisema Jaddua bila kuinuka. "Nenda."

Sabbah alikuwa ameshatoka, peku, kilemba kimemlegea, anakimbilia gari mikono yote miwili juu. "Karibuni! Karibuni, shukeni! Wallahi hampiti, talaka ina—"

"Sabbah!" Umm Talh nzima ilipiga kelele kwa pamoja.

Alisimama palepale vumbini. Akameza mate. Akashusha mikono.

"Karibuni," akasema. "Mkipenda."

Mlango wa gari ulifunguliwa, na Wadha akaingia jikoni kuinjika sufuria.